Plasta ya Mama Meno

Mama yangu mzazi alikuwa mwimbaji wa kanisani huko kwetu upande wa Mara, katika kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa ziwa. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na wengine walimfuata. Meno yake ya mwisho yalipong'olewa aliacha kuimba, akaacha na kula mbele za watu. Alipokuja kukaa kwangu Mwanza alizungumza huku ameziba mdomo kwa ncha ya khanga, hata wanangu wakadhani ndivyo mabibi wote wanavyozungumza.

Wakati huo nilikuwa nimepunguzwa kazini. Kiwanda cha nguo nilichokitumikia tangu ujana kilikuwa kinatafutiwa mwekezaji, na sisi tuliambiwa turudi nyumbani tukasubiri kuitwa. Hatukuitwa. Jirani mmoja aliponiambia kwamba karibu na mtaa wa Makoroboi kuna mama wa Kihindi anayetengeneza meno ya bandia, nilimshika mama mkono asubuhi moja tukateremka mlima kwa miguu, tukipita kati ya mawe, yeye akilalamika njia nzima kwamba mtu wa umri wake hana haja ya meno.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Meno. Mji mzima ulimwita hivyo, kuanzia wauza mitumba hadi wazee wa hekalu. Bango la mlangoni lilikuwa na jina la marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa daktari, na herufi zilikuwa zimeanza kubanduka. Yeye alijifunza kazi akiwa pembeni ya mumewe, na mume alipofariki aliamka siku iliyofuata baada ya matanga akafungua mlango. Mambo ya nyuma ya hapo siyajui vizuri. Nilipokuwa naye sikuona haja ya kuyauliza, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na nywele nyeupe alizozisuka mkia mmoja mgongoni. Juu ya sari alivaa koti jeupe lililojaa matone makavu ya plasta. Asubuhi ile hakumwambia mama afungue mdomo. Alivuta kiti, akakaa karibu naye magoti yakigusana.

"Karibu dada. Unapenda kula nini?"

Mama alinitazama, kisha akajibu nyuma ya khanga, "Mahindi ya kuchoma."

"Basi tutatengeneza meno ya mahindi ya kuchoma."

Nesi aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameolewa Bukoba, na nafasi yake ilikuwa bado haijapata mtu. Kwa hiyo nilipewa mimi bakuli la mpira lenye maji. "Shika hapa, usilitikise," aliniambia, akaanza kunyunyizia unga wa plasta polepole kama mtu anayepika uji wa mgonjwa. Akakoroga mara chache tu, akajaza kwenye trei ya bati yenye umbo la kwato, akampaka mama mafuta midomoni, akaiingiza.

Asiyewahi kuwekewa plasta mdomoni hawezi kujua. Kwanza ni baridi na nzito. Kisha inanyonya mate yote, ulimi unakauka, na inapoanza kukaza inatoa joto. Mama alinishika kifundo cha mkono akakibana hasa. Macho yalimtoka. Mama Meno alimwekea kiganja shavuni na kumwambia apumue kwa pua, kisha, badala ya kunyamaza, akaanza kumsimulia jinsi alivyogombana na mama mkwe wake kuhusu chumvi kwenye dengu. Alisimulia kisa chote, na majibu ya kila upande. Kilipofika mwisho wake, plasta nayo ilikuwa imekauka. Aliitoa kwa mtikisiko mmoja mdogo, na mama akavuta pumzi kama aliyeibuka majini.

"Aliomba msamaha?" lilikuwa neno la kwanza la mama. "Huyo mama mkwe?"

"Mpaka anakufa, hakuomba," Mama Meno alisema, na wote wawili wakacheka. Mama alisahau kuziba mdomo.

Tulipokuwa tunaondoka, Mama Meno alinitazama mikono. "Haitetemeki. Una kazi?"

"Sina, mama."

"Sasa unayo. Kesho uje na kucha fupi."

Meno ya kwanza ya mama hayakufaa. Ya chini yalikuwa yakiruka kila alipotaka kusema neno. Mama Meno aliyatazama mezani kwa muda, akayaweka pembeni, akaanza upya kabisa, plasta na kila kitu. Ya pili yalikaa vizuri, ila kila penye herufi ya "s" yalipiga mluzi. Mama alitaka kuyachukua hivyo hivyo, aibu ilikuwa imemshika. Mama Meno akamzuia mlangoni.

"Mwanao ameniambia unaimba. Imba hapa."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Nitajuaje mluzi unatokea wapi?"

Mama akaimba, mwanzoni kwa sauti ya chini. Mama Meno aliinamisha sikio karibu na mdomo wake kama fundi wa redio. Akamsimamisha, akayatoa meno, akasugua mahali nyuma ya meno ya mbele kwa kipande kidogo cha msasa, akayarudisha. "Tena." Mama akaimba tena. Wakasugua tena. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi la nje walianza kuitikia kiitikio, Wakristo na wasio Wakristo, na sauti ya mama ikapanda ikawa ile ninayoikumbuka tangu utoto. Mluzi ulikuwa umekwisha muda mrefu kabla wimbo haujaisha, lakini Mama Meno hakumkatiza. Yeye, mwanamke wa Kihindu asiyejua neno moja la wimbo ule, alisimama na msasa mkononi mpaka ubeti wa mwisho.

Nilifanya naye kazi miaka mingi baada ya hapo, na plasta ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Plasta nzuri ilikuwa haipatikani kirahisi zamani. Aliniambia kwamba katika miaka ya shida, madukani kulipokuwa na rafu tupu, mumewe alikuwa akitumia plasta ile ile ya kufungia mifupa iliyovunjika, wakaichekecha kwa kitambaa cha mtandio ili iwe laini. Wakati wangu mambo yalikuwa yamefunguka. Malori yalitoka Nairobi yamejaa kila kitu, na matajiri wapya walikuwa wameanza kuweka dari za jasi, yaani plasta hiyo hiyo, kwenye nyumba zao za Ilemela. Mama Meno alikuwa akicheka sana jambo hilo. "Sisi tuliitafuta kwa machozi," alisema, "wao wanaitazama wakiwa wamelala chali." Lakini hata mifuko ilipokuwa mingi hakuacha kuichekecha, na ole wangu nikimwaga hata kijiko kimoja.

Kila mfuko mpya aliujaribu. Alikoroga kidogo kwenye kifuniko, akabonyeza dole gumba lake, akangoja, kisha akaichukua alama hiyo dirishani akaisoma mistari ya kidole mmoja mmoja. Kama mistari haikutoka, mfuko ulirudi dukani, na mimi ndiye niliyetumwa kugombana na mwenye duka. Ikiwa plasta ilichelewa kukaza aliongeza chumvi kidogo. Aliitia pia rangi nyekundu ya keki, kidogo tu, ipate kuwa ya waridi. Sababu yake niliielewa baadaye. Ile plasta iliyotoka mdomoni ndiyo tuliyomiminia plasta nyingine, nyeupe, ili tupate sanamu ya mdomo. Kisha ile ya kwanza ilibidi ibanduliwe kipande kwa kipande kwa kisu, na bila ile rangi ungeweza kukata ufizi wa sanamu ukidhani ni plasta ya kwanza.

Alipenda plasta kwa watu wasio na jino hata moja. Alisema ufizi wa mzee ni laini kama ndizi iliyoiva, ukiukandamiza unadanganya, lakini plasta inaufunika bila kuusukuma, kwa hiyo inaukuta ulivyo. Hapo alikuwa sahihi, nimeona mwenyewe watu waliozunguka hospitali nyingi na meno yasiyokaa wakitoka kwake wanatafuna. Kosa lake ni kwamba aliipenda mno, akaitumia hata pasipostahili. Nitafika huko.

Kuhusu maneno yake. Mtu akiwa mzima, anazungumza, Mama Meno alikuwa mkavu kabisa. Fungua, funga, geuka, haya. Lakini plasta ikishaingia mdomoni mwa mtu, basi. Alimsimulia mambo ya nyumbani kwake, ndoto alizoota, watoto wake waliohamia nchi za baridi ambao walimpigia simu Jumapili na kumwuliza lini ataacha kazi, hofu yake ya mjusi, ugomvi wake na mwenye nyumba. Alisema mambo ambayo binadamu humwambia dada yake tu. Mgonjwa alikuwa amekaa pale, hawezi kujibu, hawezi hata kutikisa kichwa, macho yanamfuata. Plasta ikitoka, anarudi kuwa mkavu. Nikikutana na wagonjwa sokoni walikuwa wakiniuliza kwa siri, "Yule mwanawe wa pili, hatimaye alioa?" Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Nadhani mji ule ulimjua Mama Meno kuliko yeye alivyokuwa akidhani.

Mimi, niliyekuwa naye kila siku, hakunisimulia chochote. Nilikuwa nikisikiliza huku nikikoroga.

Halafu kulikuwa na suala la chakula. Hakula nyama wala samaki, kwa dini yake, na harufu ya samaki ilimuumiza kichwa. Lakini hakumruhusu mtu aondoke na meno mapya kabla hajayajaribu kwa chakula anachokula kwao. Kwa hiyo kabatini, karibu na nta na msasa, tulikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Msukuma anavitafuna tangu utoto, pamoja na karanga na bisi. Na kwa watu wa ziwani alinituma nje ninunue mapanki, ile mifupa ya sangara iliyobaki viwandani ambayo akina mama walikuwa wakiikaanga barabarani. Mgonjwa alikaa kitini anatafuna, Mama Meno amesimama dirishani ameziba pua kwa sari, anafoka kwa sauti ya puani, "Upande wa kushoto! Tafuna na kushoto!" Mtu akitoka, tunafungua madirisha yote na anachoma ubani, akinilaumu mimi kama vile mimi ndiye niliyeumba sangara.

Alikuwa mkali pia kuhusu uzuri. Miaka ile kalenda za picha zilikuwa zimejaa mjini, zina wanawake wenye meno meupe kama sahani, na watu walikuja wakiwa wameikunja kalenda kwapani. "Nataka kama haya." Mama Meno aliitazama picha, akaitazama sura iliyo mbele yake, akasema, "Haya ni ya huyu. Yako nitakutengenezea." Alichagua rangi iliyochoka kidogo, na jino moja aliliinamisha kiasi, ili mtu afanane na aliyewahi kuwa kijana akazeeka.

Lakini mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi alipokuja akalia kwa sababu fundi mwingine alimziba mwanya, Mama Meno aliyavunja yale meno mezani mbele yake. Yule mwalimu alikuwa na mwanya wa mbele tangu usichana, mumewe alimuoa kwa ajili yake, na sasa mumewe alimwambia anajisikia kama anaishi na shemeji. Mama Meno alimuuliza mwanya ulikuwa na upana gani. Mwalimu hakuweza kueleza. Basi wakamwita mume, mzee mnyamavu mwenye kofia, na Mama Meno akaweka meno ya nta mbele yake na kumwambia ayasogeze mwenyewe. Mzee aliyasogeza kwa kucha, akatazama, akayarudisha kidogo, akatazama tena. "Hapo," alisema, akageuza uso ukutani. Habari hiyo ilipoenea, wazee waliokuwa hawajawahi kuwa na mwanya maishani mwao walianza kuuomba, na Mama Meno aliwapa, akisema huo ndio ujana wa bei nafuu kuliko wote.

Sasa kuhusu kosa lake. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa samaki, mtu mkubwa wa mwili, mwenye haraka, aliyebakiwa na meno machache ya juu, yamelala huku na huku kama miti baada ya upepo. Mjini alikuwa ameshafika daktari kijana aliyefungua kliniki mpya yenye kiti cha umeme, na daktari huyo alitumia unga mwingine, unaokorogwa ukawa kama mpira laini, unaojipinda na kutoka bila kuumiza. Wengi walikuwa wamemshauri Mama Meno aununue. Alikataa. Alisema ni uji wa watoto.

Alimwekea yule bwana plasta. Ilipokauka, haikutoka. Ilikuwa imeshika kwenye yale meno yaliyolala, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Kwa kawaida plasta ikigoma unaivunja mdomoni, unatoa vipande, unaviunganisha kwa nta, na Mama Meno aliijua kazi hiyo vizuri sana. Lakini siku ile jino moja bovu lilitoka pamoja na kipande, damu ikaja, na mdomo ukakwaruzwa. Yule bwana alisimama, akatema vipande vya waridi sakafuni, akamwambia maneno ambayo sitayarudia, yakiwemo ya rangi yake na arudi kwao.

Mama Meno aliinama. Aliokota vipande. Nilitaka kumfuata yule mtu nje, akanishika koti.

"Kuhusu kwetu, kwetu ni hapa," alisema. "Lakini kuhusu jino, amesema kweli."

Kesho yake alivaa sari nzuri ya kijani, akapanda ngazi za kliniki mpya, nami nyuma yake nikiwa nimebeba keki. Daktari kijana alipomwona alisimama haraka na kuamkia. "Shikamoo mama. Kuna shida gani?"

"Marahaba. Nifundishe unga wako."

Kijana alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, alifunga mlango na wakakaa hadi mchana, wakikoroga na kuwekeana mdomoni kwa zamu. Mama Meno alirudi na kopo lake, akalifungua kila baada ya muda kunusa, kwani unga ule ulinukia peremende. "Unatoka kama soksi," alinieleza, macho yanang'aa kama ya msichana. Tangu siku hiyo wenye meno walipata unga na wasio na meno walipata plasta, na yule daktari kijana akawa anamletea wazee wake walioshindikana. Yule mfanyabiashara wa samaki hakurudi tena. Mama Meno alimpelekea ujumbe mara mbili kwamba amkamilishie kazi, na kila tulipopita karibu na ghala lake aliharakisha hatua.

Jambo ninalolikumbuka zaidi ni la Magu.

Alikuwa na desturi ya kuweka nakala ya mdomo wa kila mtu. Sanamu zile nyeupe zilijaa rafu za chumba cha nyuma, kila moja na jina limeandikwa kwa penseli chini yake. Mimi niliona ni kujaza nafasi bure. Asubuhi moja tulikuta mlangoni mwanamume wa makamo, viatu vyake vina vumbi, amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Baba yake, mkulima wa pamba wa Magu, alikuwa mgonjwa wetu miaka ya nyuma. Mzee huyo alikuwa amefariki akiwa hospitali, na katika kuhamishwa kutoka kitanda hadi kitanda meno yake yalipotea. Mwili ulikuwa mochwari, mazishi kesho.

"Mama amekataa," yule mtu alisema. "Mama anasema huyo waliyemwonyesha siye mume wake. Anajua ni yeye, lakini anakataa. Mashavu yameingia ndani. Anasema hamziki mtu asiyemjua. Ndugu wamemsihi, mchungaji amemsihi. Nimekuja kuuliza tu, mama, kama... sijui kama jambo kama hili linaulizwa."

"Linaulizwa," alisema Mama Meno. Alikuwa tayari amevua vikuku. "Nenda chumba cha nyuma," aliniambia, "rafu ya dirishani."

Niliikuta ile sanamu, imefunikwa na vumbi, ufizi wa yule mzee ulivyokuwa siku alipokaa kitini kwetu akisikiliza habari za mjusi. Tuliwarudisha wagonjwa wote. Tuliitolea sanamu ile nakala, tukapanga meno kwenye nta, tukachemsha, tukasugua. Mama Meno hakukaa hata kula. Alikumbuka kwamba yule mzee alikuwa na jino moja la pembeni lililotangulia mbele, akaliweka hivyo hivyo. Yule mwana alikaa nje mchana kutwa. Nilimpelekea chai, ikapoa mikononi mwake.

Asubuhi tuliondoka naye kwenda Magu, mwili ukiwa umetangulia. Tulikuta watu wengi uani, wamekaa chini. Mama Meno alisalimia wazee kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakaitikia huku wakishangaa Mhindi huyu na kifurushi chake cha pamba. Ndani ya nyumba, mjane alikuwa amekaa mbali na jeneza, ameligeuzia mgongo.

Nilidhani ataniachia mimi kazi ile, au mwana. Aliifanya mwenyewe. Alipiga magoti, akasema kitu kwa lugha yake, akalegeza kitambaa kilichofungwa kidevuni, na kwa vidole vile vile vilivyokuwa vikifungua midomo ya wagonjwa akafanya taratibu, bila haraka, bila kumtazama mtu. Alipomaliza alikipangusa kinywa cha mzee kwa pamba, akakiweka sawa, akasogea kando.

Mashavu yalikuwa yamejaa. Yule mzee alikuwa amerudi, mwenye sura ya mtu anayetaka kubisha jambo.

"Dada," Mama Meno alimwambia mjane, "njoo utazame. Kama siye, nitayatoa."

Mjane aligeuka polepole. Alikuja kwa magoti, akatazama kwa muda mrefu, akanyoosha kidole akagusa lile jino la pembeni. Ndipo akapiga yowe, lile yowe ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilisubiri tangu jana, na wanawake wote uani wakalipokea. Mama Meno alibaki amekaa chini pale pale, na mjane akamwangukia mapajani akalia humo, mpaka sari ikalowa. Walimzika mchana ule.

Njiani kurudi, kwenye gari, nilishika kile kifurushi kitupu cha pamba. Yeye alitazama mashamba nje. Karibu na mjini akasema, "Plasta ile ilikuwa nzuri. Mfuko wa mwaka ule ulikuwa mzuri sana." Hakulitaja jambo lile tena, wala hakumsimulia mgonjwa yeyote.

Kliniki ilifungwa miaka michache baadaye. Jengo liliuzwa, na mmiliki mpya alitaka duka la vifaa vya umeme. Mikono ya Mama Meno nayo ilikuwa imeanza kuwa mizito. Mimi nilihamia kwa yule daktari kijana, ambaye hakuwa kijana tena, nikawa mtengenezaji wake wa meno. Kwa miezi mingi sikumwona Mama Meno, ila nilisikia watoto wake wamemkatia tiketi ya kwenda kuishi nao.

Asubuhi moja alisimama mlangoni kwetu, amevaa raba za michezo chini ya sari.

"Leo hufanyi kazi. Nimeshamwomba bosi wako."

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Ziwani."

Nilidhani anatania. Njiani kwenda Kirumba aliniambia jambo ambalo sikulijua: katika miaka yote aliyoishi mjini hapo hakuwahi kuweka mguu kwenye chombo cha majini. Alipoletwa kama bibi harusi, kwa meli, alitapika safari nzima mbele ya wakwe, akaapa kutorudi majini tena. Sasa alitaka kuuona mji kwa upande wa pili kabla hajaondoka.

Mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, palikuwa na pilikapilika za dagaa na ndege korongo wakubwa wakitembea kati ya watu kama wakaguzi. Tulimpata mvuvi mmoja mzee mwenye mtumbwi wa makasia, akatandika gunia ili Mama Meno akae. Alimuuliza mvuvi, "Unajua kuogelea?"

"Najua, mama."

"Huyu je?" alisema, akinionyesha mimi.

"Mimi nimezaliwa ziwani, mama."

"Haya. Basi mtaniokoa kwa zamu."

Alikaa, akanishika mkono wa shati, na hakuuachia. Tulipotoka kwenye kelele za ufukweni maji yakawa tulivu, yana rangi ya bati. Nyuma yetu mji ulianza kupanda: mawe makubwa yaliyobebana, nyumba zimekaa juu ya mawe, mnara wa msikiti, paa la hekalu. Alikuwa akitazama, midomo imebana. Kisha aliniuliza dirisha letu liko upande gani. Nilimwonyesha nilipodhani lipo. Ghorofa jipya lilikuwa limelifunika.

"Nimewaambia watoto kwamba nimechoka," alisema baadaye. "Sijachoka. Naogopa kuugua hapa peke yangu. Na naogopa kufika huko nisijue mtu hata wa kumkasirikia."

"Baki, mama. Kwangu kuna chumba."

Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza, nadhani, kunitazama usoni na si mikononi. "Najua kipo," alisema. "Ningekataa tiketi, ningekuja huko. Lakini mwanangu wa pili amepata mtoto. Nataka anizoee kabla sijawa mzigo." Akavuta sari kichwani, akalia kidogo, kwa utulivu, kama mtu aliye chumbani kwake. Mvuvi alitazama upande mwingine, akapunguza makasia.

Jua lilikuwa limepanda. Watu wa mwaloni walianza kuonekana wadogo sana. Mvuvi aliona muda umekwenda, akaanza kugeuza mtumbwi kuelekea nchi kavu.

"Bado," alisema Mama Meno, akipangusa macho. "Zunguka tena."

Mvuvi alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemkodi. Nilimwashiria aendelee. Akaingiza kasia majini, akauelekeza mtumbwi nje, na tukazunguka tena.